Pambano moja, vituo viwili: ngumi za kulipwa zinavyotufikia Dzaleka

Juu ya paa la kibanda kimoja cha video eneo la Kawale, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, yapo madishi mawili. La Azam linatazama magharibi. La DStv linatazama kwingine kabisa, kana kwamba yamegombana. Mwenye kibanda, baba mmoja kutoka Fizi, hana uwezo wa kulipia vifurushi vyote viwili kwa mwezi mmoja, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi huwauliza wateja wake swali lile lile: mwezi ujao tutazame ngumi za Ulaya au ngumi za Dar?

Swali hilo huzua ubishi usiopungua ule wa Simba na Yanga. Nilipokwenda huko likizo iliyopita kuwasalimia jamaa waliobaki, nilikaa kwenye benchi jioni mbili nikiusikiliza. Wapo wanaosema ngumi zenyewe ziko DStv, kwa sababu huko ndiko wanakoonekana mabingwa wa dunia. Wengine wanajibu kuwa pambano usiloelewa linasemwa nini ni sawa na harusi ya jirani, unasikia ngoma tu. Mzee mmoja wa Ruyigi alisema yeye hataki maneno ya upande wowote, anataka picha safi.

Kwa maoni yangu picha si hoja. Kamera siku hizi ni nzuri kila mahali. Vituo hivi vinatofautiana katika jambo jingine, nalo ni pambano kusimuliwa kama habari za nani. Katika hilo sisi wa upande huu, Mmalawi, Mkongo, Mganda, Mtanzania, Mrundi, tumekuwa wageni kwenye televisheni za watu kwa muda mrefu mno. Sasa tunazo za kwetu, na ninaona tumeanza kuwafanyia majirani zetu yale yale tuliyofanyiwa.

Kanda na mtafsiri

Kwa msomaji asiyepafahamu, Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda ilikuwa jela ya kisiasa, na jina lake kwa Kichewa lina maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi. Ilipangwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho lugha ya soko lake.

Malawi yenyewe haikuwa na televisheni ya taifa hadi mwaka 1999, kwa kuwa Banda hakuitaka nchini mwake. Kwa hiyo sisi tuliosomea kambini miaka ile, ngumi tulizijua kwa kanda zilizonakiliwa Lilongwe, zikapandishwa matola pamoja na magunia ya mahindi, zikatufikia wiki mbili au tatu baada ya pambano. Matokeo tulikuwa tumeshayasikia redioni. Tuliingia hivyo hivyo, na kiingilio kilikuwa chini ya bei ya mkate.

Ndani ya kibanda alikuwepo mtafsiri. Huyu alikuwa kijana wa Bukavu aliyesimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akitugeuzia Kiingereza cha watangazaji kuwa Kiswahili cha kwao. Kiingereza chake, niseme ukweli kama mwalimu, kilikuwa cha kuazima. Larry Merchant wa HBO angeweza kusema dakika nzima kwa mafumbo yake, na kijana wetu akasubiri mpaka mwisho, akatuambia: “Mzee anasema huyu amechoka.” Ukumbi ukaridhika. Mara nyingi bondia alikuwa amechoka kweli.

Lakini alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa watangazaji wengi wa kulipwa. Alimwangalia yule asiyetajwa. Watangazaji wakimsifu bingwa kwa ngumi tano alizorusha, yeye aligonga kioo kwa fimbo akisema tazameni mguu wa yule mwingine, tazameni amezikwepa ngapi. Na kama asiyetajwa ni mtu mweusi kutoka Afrika, basi kwa hesabu yake alikuwa anaongoza kila raundi. Hapo naye alikuwa kituo cha televisheni kama vituo vingine, ana mtu wake.

Kanda ninayoikumbuka zaidi ni ya Lennox Lewis na Mike Tyson, waliopigana Memphis tarehe 8 Juni 2002. Lewis alikuwa na mkataba na HBO, Tyson na Showtime. Vituo hivi viwili vya kulipia vya Marekani vilikuwa mahasimu, na kwa miaka kadhaa kila kimoja kiliwaweka mabondia wake nyuma ya ukuta wake. Ili pambano lifanyike ilibidi wakubali kulirusha pamoja, na meza ya utangazaji ikagawanywa: Jim Lampley wa HBO akaketi na Bobby Czyz wa Showtime. Lewis alishinda kwa KO raundi ya 8. Ukuta ule uliwahi kuchelewesha mengi. Floyd Mayweather, aliyekuwa Showtime, na Manny Pacquiao wa HBO walizungumziwa tangu mwaka 2009, wakakutana tarehe 2 Mei 2015, wote wawili wakiwa wameshapita umri wao mzuri.

HBO na Showtime, na wageni wao

HBO ilianza kurusha ngumi tarehe 22 Januari 1973, George Foreman alipomwangusha Joe Frazier mara sita mjini Kingston, Jamaika. Mwaka uliofuata ikaja Kinshasa, Ali na Foreman. Wakongo wa Dzaleka bado wanalizungumza pambano lile kama la ukoo wao, na vijana wanashangaa kuambiwa kuwa lilianza saa kumi alfajiri. Sababu ni kwamba saa hiyo kule New York ilikuwa saa nne za usiku, na fedha kubwa za pambano zilitoka kwa Wamarekani waliokwenda kutazama kwenye kumbi za sinema. Umati wa Kinshasa ulikesha ili watu wa New York wasikeshe. Hilo ndilo somo la kwanza la ngumi za televisheni, na tulipewa sisi.

Showtime ilikuja baadaye. Pambano lake la kwanza lilikuwa la tarehe 10 Machi 1986 mjini Las Vegas, Marvin Hagler dhidi ya John Mugabi wa Uganda, yule aliyeitwa Mnyama. Mugabi alikuwa amewaangusha wapinzani wake wote kabla ya siku ile. Alisimama na Hagler raundi kumi za kutisha, akaanguka ya 11. Kituo kikubwa kilifunguliwa na Mwafrika wa Mashariki kama mgeni.

Kila kituo kilikuwa na desturi yake. HBO ilifundisha kama darasani. Ilikuwa na Harold Lederman, aliyewahi kuwa jaji, ambaye baada ya raundi chache alitoa pointi zake kwa sauti kali, na watazamaji wengi wakaziamini kuliko za majaji watatu waliokaa ukingoni mwa ulingo. Showtime nayo ilimtumia Steve Farhood kwa kazi hiyo hiyo, lakini kwa upole zaidi, na mchambuzi wake Al Bernstein aliacha kengele na pumzi za mabondia zisikike. Mimi nilipendelea Showtime kwa sababu hiyo tu. HBO ilikuwa na hadithi tayari kabla ya kengele ya kwanza, na pambano likienda kinyume na hadithi, raundi mbili tatu zilipita kabla hawajalikubali.

Vyote viwili sasa havirushi ngumi. HBO iliacha Desemba 2018 baada ya miaka 45. Showtime ilifunga tarehe 16 Desemba 2023 mjini Minneapolis, na katika pambano lake la mwisho aliyepigwa, raundi ya pili, ni Sena Agbeko wa Ghana. Mgeni wa kwanza Mganda, mgeni wa mwisho Mghana. Sidhani kuna aliyepanga hivyo, lakini mtu wa Dzaleka haoni ajabu.

Chilemba kwa sauti ya wengine

Ukitaka kujua mambo haya yanauma vipi, nenda Lilongwe, keti na watu wa mji wa zamani, uwaulize habari za Isaac Chilemba. Huyu ni mtoto wa Blantyre aliyekwenda Afrika Kusini kutafuta ngumi, akafika mbali kuliko Mmalawi yeyote wa uzito wa juu mwepesi. Malawi nzima ilimtazama, lakini ilimtazama kupitia vituo vya watu. DStv huleta kwetu pambano lililotengenezwa na kituo cha nje, na mara nyingi sauti tunayoisikia ndiyo ile ile iliyokusudiwa watu wa huko.

Tarehe 30 Machi 2013 alipigana Liverpool na Tony Bellew, mtoto wa mji huo, chini ya promota aliyefanya kazi na Sky ya Uingereza. Matokeo yakawa sare. Kutoka sare ugenini, mbele ya watu wa mwenyeji, ni kazi kubwa. Lakini kwa televisheni iliyokuwa na Bellew kama mtu wake, sare ile ilikuwa habari ya Bellew kushindwa kung’ara, si habari ya Chilemba kufanya vizuri. Walirudiana London tarehe 25 Mei mwaka huo huo, na Bellew akashinda kwa pointi.

Bellew huyo huyo, tarehe 29 Mei 2016, alikutana na Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, kwenye uwanja wa Goodison Park. Makabu alimwangusha raundi ya kwanza, kisha yeye akaanguka ya tatu, na mkanda wa WBC wa uzito wa kruza ukabaki Liverpool. Kwa hiyo Dzaleka utamkuta Mmalawi na Mkongo ambao hawakubaliani hata bei ya nyanya wakikubaliana juu ya Bellew. Makabu mkanda ule aliupata tarehe 31 Januari 2020, tena Kinshasa, alipomshinda Michał Cieślak wa Poland.

Turudi kwa Chilemba. Tarehe 11 Julai 2016 alikwenda Yekaterinburg, Urusi, kumkabili Sergey Kovalev aliyekuwa na mikanda mitatu na aliyekuwa amezoea kumaliza watu mapema. Chilemba aliangushwa raundi ya 7, akainuka, akafika ya 12. HBO, iliyolionyesha pambano hilo Marekani, ilikuwa na biashara nyingine mbele yake, yaani Kovalev na Andre Ward mwezi Novemba. Mmalawi alikuwa daraja la kuvukia. Ward na Kovalev walipokutana, Chilemba alikuwepo Las Vegas usiku ule ule kwenye mapambano ya utangulizi, akaachia kwenye kona baada ya raundi ya 8 dhidi ya Oleksandr Gvozdyk. Agosti 2018 akapigana tena raundi 12 na Dmitry Bivol mjini Atlantic City, kwa mkanda wa WBA, na HBO ikiwa imebakiza miezi minne tu ya kurusha ngumi.

Nimepiga hesabu ya mtu huyu kwa njia yangu ya mwalimu. Kovalev, Bivol, Gvozdyk na Bellew wote walivaa mikanda ya dunia, na katika hao wanne hakuna aliyemlaza Chilemba akahesabiwa mpaka kumi. Habari hiyo ingetosha kipindi kizima cha televisheni. Sijakiona.

Azam na wageni wake

Sasa tuje kwa dishi linalotazama magharibi. Azam TV ilianza Tanzania mwaka 2013, na king’amuzi chake leo utakikuta Malawi, Burundi, Uganda na kwingineko. Kwa watu wa Dzaleka ilileta kitu ambacho hakikuwepo, ngumi za kulipwa kwa Kiswahili bila mtafsiri mwenye fimbo. Tena inaonyesha usiku mzima, kuanzia chipukizi wa raundi nne mpaka pambano kuu. Watangazaji wake wanajua bondia ametoka gym ya wapi, nani alimfundisha, ana kisasi na nani tangu lini. Akina mama wanaouza mandazi mlangoni mwa kibanda wanawajua mabondia wa Manzese kwa majina ya utani. HBO haikuweza kufanya hivyo kwetu hata ingetaka.

Aliyefungua macho ya wengi ni Hassan Mwakinyo wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018 aliitwa Birmingham kama mgeni wa kuletwa, kupambana na Sam Eggington kwenye usiku wa Amir Khan. Alimmaliza raundi ya pili. Wengi wetu tuliiona kwenye simu, kipande cha dakika mbili kilichotumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Tarehe 29 Novemba 2019 alipopigana na Arnel Tinampay wa Ufilipino kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, alikuwa mwenyeji, na mgeni wa kuletwa akawa Mfilipino.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia Azam bila kupumua. Angalia anavyotambulishwa bondia wa Malawi anayekwenda Dar. Ni Mmalawi, ana mapambano kadhaa, basi. Mwenyeji ameonyeshwa nyumbani kwao, mama yake amehojiwa, mwalimu wake amelia. Mgeni ameonyeshwa akipima uzito. Kengele ikilia watangazaji wanahesabu ngumi za upande mmoja. Mgeni akianguka raundi ya tatu ni ushahidi wa ubora wa mwenyeji, na akishinda ni bahati au ni mwamuzi. Ni ile ile Sky ya Bellew, ila sasa inazungumza Kiswahili chetu.

Biashara ya kuwaleta Wamalawi ilikuwepo kabla ya Azam. Desemba 2012 Francis Cheka wa Morogoro alipigana Arusha na Chimwemwe Chiotcha kwa mkanda wa Afrika wa IBF, akashinda. Lakini televisheni imeiongeza kasi, kwa sababu kituo kinahitaji usiku mwingi wa ngumi na kila usiku unahitaji wageni. Safari ya basi kutoka Lilongwe kupitia Mzuzu, Karonga na Kasumulu hadi Dar inazidi siku nzima. Mfanyabiashara wa mpakani anajua miguu inavyovimba kwa safari hiyo. Anayeshuka hapo na kupanda ulingoni siku mbili baadaye anapaswa kutajiwa hilo na mtangazaji, kama tunavyotajiwa hali ya hewa kwenye mpira.

Tuliona jambo hilo hilo kwa kiwango cha juu tarehe 22 Februari 2025, Riyadh. Martin Bakole, ndugu yake Makabu, aliitwa kutoka Kongo siku mbili kabla ya pambano kuziba nafasi ya Daniel Dubois dhidi ya Joseph Parker. Miezi sita nyuma, Agosti 2024, Bakole huyo alikuwa amemsimamisha Jared Anderson raundi ya tano mjini Los Angeles. Riyadh alianguka ya pili. Vijana wa Dzaleka waliofuatilia kwa simu, bando likikatika kila dakika, walijua kwamba ameingia ulingoni akitoka uwanja wa ndege. Anayeona matokeo tu kwenye karatasi atadhani Mkongo hakuwa na kitu.

Naandika hivi kwa sababu wapo vijana wa kambini wanaofanya mazoezi ya ngumi, wamefunga mfuko wa mchanga kwenye mti, na wanatazama Azam kama mlango. Mkimbizi nchini Malawi haruhusiwi kuishi nje ya kambi apendavyo, na mwaka 2023 waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na kwingineko walirudishwa Dzaleka kwa amri ya serikali. Kijana asiye na pasipoti hawezi kuvuka Songwe kwa mkataba wa kawaida. Atakayemvusha kwa njia za panya atampeleka kama mgeni asiye na jina, asiye na mwalimu wala daktari wake, dhidi ya mwenyeji ambaye mama yake amehojiwa. Wazazi waliorudi nyumbani na kuwaacha watoto huko wakamalize shule wanapaswa kuuliza, mtoto akipiga simu kusema amepata pambano Tanzania, nani amesaini karatasi, na tume inayosimamia ngumi za kulipwa huko imepewa taarifa au la.

Kwa wanaosafirisha ving’amuzi

Haki za kurusha ngumi huuzwa nchi kwa nchi. King’amuzi ulichonunua Tunduma au Kigoma kimesajiliwa Tanzania, hulipiwa kwa shilingi, na kinachoonekana hapo si lazima kiwe kile kinachoonekana kwa kilichosajiliwa Malawi au Burundi. Mteja akikuta kioo cheusi usiku wa pambano, dishi halina kosa. Mwambie mapema kabla hajatoa pesa.

Saa nazo huleta ugomvi vibandani. Pambano likitangazwa saa nne usiku kwa saa za Dar es Salaam, Lilongwe na Bujumbura ni saa tatu. Pambano kuu la Las Vegas hutufikia alfajiri ya Jumapili, karibu saa kumi na moja na nusu wakati wa kiangazi chao, na karibu saa kumi na mbili na nusu Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma mwezi Novemba.